Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kutagisha ni Rahisi, Kazi ni Kulea

Ndugu wanachama,

Mwaka huu swali lililoifikia kamati mara nyingi kuliko yote ni moja: kambare wa Ancistrus, hawa samaki wa kufugwa tangini wenye vipembe laini puani, wanataga vizuri, mayai yanaanguliwa, halafu vifaranga wanakufa mmoja mmoja. Nimeielekeza taarifa hii huko.

Kuhusu kutaga nitasema machache. Dume mmoja na jike mmoja au wawili wanatosha tangi la lita 100, joto likiwa nyuzi 24 hadi 26. Madume wawili wakigombania pango moja, mayai huishia nje. Bomba la udongo lililozibwa upande mmoja, urefu wa sentimita 15 na upana wa ndani 4 hadi 5, linafaa sana. Wakikawia kutaga, badilisha nusu ya maji kwa maji yasiyo na klorini, yaliyo baridi kuliko ya tangi kwa nyuzi 2 au 3. Kwao hiyo ni dalili ya mvua.

Dume ndiye mlezi. Huyapepea mayai kwa mapezi mpaka yaanguliwe, siku 4 hadi 10 kutegemea joto, basi tusimsumbue kwa tochi. Akiyatupa nje, yaweke kwenye chombo chenye maji ya tangi hilohilo, jiwe la hewa (kitoa viputo cha pampu) likibubujika karibu. Yaliyogeuka meupe yatoe mapema, maana ukungu huanzia hapo.

Sasa vifaranga wenyewe. Siku za kwanza wanaishi kwa kiini kilichomo kwenye kifuko cha tumboni, na chakula kinachotiwa wakati huo huoza tu na kupandisha amonia, sumu itokanayo na uchafu majini. Kifuko kikiisha, hatari inageuka kuwa njaa. Wengi wetu hudhani mwani wa kwenye vioo unatosha. Hautoshi! Kifaranga wa Ancistrus anakwangua chakula usiku na mchana. Tumbo likibonyea, kumwokoa ni vigumu. Weka vipande vya tango au majani ya spinachi yaliyochovywa kwenye maji moto, pamoja na vidonge vya spirulina (mwani uliokaushwa), na mabaki yatoke kabla ya saa 24 kupita. Gogo lililolowekwa hadi likazama lisikosekane, kwa sababu wanalikwangua pia.

Kulisha hivyo huchafua maji haraka, kwa hiyo badilisha robo yake kila baada ya siku 2. Mdomo wa filta, yaani kichujio cha maji, ufungwe sponji, la sivyo vifaranga watafyonzwa. Sponji ioshwe kwa maji yaliyotolewa tangini. Klorini ya maji ya bomba huua bakteria wa kwenye sponji wanaoondoa amonia, na hapo ndipo uzao mzima hupotea kwa usiku mmoja. Na wakubwa tuwahamishe kwa kikombe: miiba ya mashavuni hunasa kwenye wavu na kuwaumiza.

Kwa mwaka ujao kamati inapendekeza mambo mawili. Kila anayetoa vifaranga aandike tarehe ya kuanguliwa na wazazi wao, ili tuache kuzalisha ndugu kwa ndugu. Na asiye na pa kuwapeleka aondoe pango tangini mpaka nafasi ipatikane. Hakuna mwanachama atakayewaachia samaki hawa mtoni wala ziwani.