Ng'ombe wa namba nane

Ngamiani, Tanga
Jumapili, baada ya isha

Sudi ndugu yangu,

Assalaam aleikum. Sisi huku wazima. Mama anakusalimu na anauliza kama Muscat bado jua linawapika au limepoa kidogo. Mimi nimekaa kibarazani, vidole viwili vya mkono wa kushoto vina alama za moto, lakini roho imetulia kama ya mtu aliyelipa deni. Na deni lenyewe ni lako. Ule mfuko wa vipande vya kuunda bango la taa ulioniachia Idd mosi, ukaniambia "kacheze na hii siku mvua ikinyesha", ulilala juu ya kabati miezi minane. Sasa uko dirishani kwa Mama, unawaka, na wapita njia wanaukodolea macho.

Chanzo ni hodi. Unajua Mama na maziwa yake. Mchana akijinyoosha tu kitandani, mtaa mzima unakumbuka chai. "Hodi! Maziwa yapo?" Anaamka, anajifunga khanga, anafungua mlango: "Yamekwisha, mwanangu." Hajalala vizuri, hodi nyingine. Siku moja nilikuwa nyumbani nikazihesabu: hodi 11 kati ya adhuhuri na alasiri, na maziwa yalikuwa yamekwisha tangu saa nne asubuhi! Tukabandika karatasi, upepo wa bahari ukaondoka nayo. Tukaning'iniza ubao wa chaki, watoto wakafuta "hakuna" wakaandika "yapo" kisha wakajificha kwa jirani wacheke. Hapo ndipo nikapandia kiti, nikaushusha mfuko wako.

Nilipoumimina mezani nilitaka kuurudisha. Bodi nne tupu, vigae vinne vya taa ndogo 64 kila kimoja, chipu nne za MAX7219 za kuziendesha hizo taa, kila moja na miguu 24 kama tandu, na lundo la vitu vidogo vidogo. Mwongozo ni picha moja, tena imefifia. Wewe unanijua, Sudi. Miaka yote ile tukishinda kwa fundi redio, wewe ulikuwa unachoma na mimi nashika tochi. Nilijua majina ya vitu vyote, lakini chuma cha moto nilikuwa nakiogopa. Na safari hii hukuwepo.

Basi nikaanza na vifupi, kama alivyokuwa akituambia mzee: kinachokaa chini kichomwe kwanza. Rezista ya kilo-ohm 10, ile ya kahawia, nyeusi, chungwa na dhahabu. Nilishangaa kuikuta moja tu kwa kila bodi, maana nilidhani taa 64 zitataka rezista lukuki. Kumbe hiyo moja inaiambia chipu ipitishe umeme kiasi gani, na chipu yenyewe inazigawia taa zote. Kisha kapasita, kihifadhi umeme, ndogo iliyoandikwa 104, halafu ile ya pipa ya mikrofaradi 10, mguu mrefu upande wa chanya. Hiyo niliipima kwa macho mara tatu kabla ya kuichoma, maana nakumbuka ile uliyoigeuza kwenye redio ya Mzee Bakari ikalipuka kama fataki.

Risasi yenyewe, au lehemu kama wanavyoandika vitabuni, nilipata ya bati 60 kwa risasi 40. Inaanza kuyeyuka nyuzi 183, kwa hiyo haisumbui. Kinachosumbua ni mkono. Bodi ya kwanza niliifanya kama mtu anayepaka rangi: nayeyusha tone kwenye ncha ya chuma, nalipeleka kwenye mguu, linadondoka, linakaa juu ya bodi kama uji ulioganda, la kijivu, halijashika popote. Nikaichomoa nyingi kwa ile pampu ya kunyonya. Bodi ya pili nikakumbuka ulivyokuwa ukifanya, bila kusema neno. Ncha ya chuma inagusa mguu na ile duara ya shaba kwa pamoja, unahesabu mbili, ndipo waya wa risasi unaguswa upande wa pili, si kwenye ncha. Risasi inayeyuka yenyewe, inazama, inapanda mguuni, inabaki kama kichuguu kidogo kinachong'aa. Ile ya kwanza iliyotoka hivyo niliitazama kwa muda, Sudi. Nikamwita Mama aje aone. Akaangalia, akasema, "Hii ndiyo nini?" Akarudi kwenye masufuria yake. Aliposikia kwamba kuna madini ya risasi ndani yake, akanifukuza kabisa karibu na jiko, na mpaka leo sigusi kikombe bila kunawa mbele yake.

Kwa hesabu yangu kila bodi ina sehemu 56 za kuchoma: rezista 2, kapasita 4, soketi ya chipu 24, soketi za kukalishia kigae 16, pini za kuingia na kutoka 10. Mara nne ni 224. Zilinichukua jioni tatu. Mpwa wangu Kassim, yule wa dada, yuko darasa la tano sasa, alikuwa ananishikia tochi na kuhesabu kwa sauti. Tulipofika 224 akapiga makofi.

Tukaunganisha na ile Arduino Uno yako ya zamani, ile kompyuta ndogo ya bodi moja. Data pini ya 11, mapigo ya saa pini ya 13, CS ya kuichagua chipu pini ya 10. Tukapakia programu. Giza totoro.

Nisikufiche, siku mbili nilidhani nimechoma chipu zote nne. Nilisoma kwamba MAX7219 ikipata umeme inaanza ikiwa imelala, mpaka iamriwe kuamka, nikadhani ndiyo dawa. Nikaandika amri ya kuamka mara tatu mfululizo, kama mtu anayemwamsha mlevi. Wapi. Siku ya tatu Kassim akauliza kwa nini upande mmoja wa bodi umeandikwa DIN na mwingine DOUT. Nilikuwa nimechomeka waya upande wa kutokea! Data inaingia DIN, inapita kwenye chipu, inatokea DOUT kwenda bodi inayofuata, kama ndoo za maji watu wanavyopokezana. Mimi nilikuwa nawapelekea ndoo watu walionipa kisogo.

Nikageuza waya. Zikawaka. Wallahi nilipiga ukelele mpaka jirani akauliza kuna nini.

Ila herufi zilikuwa zimelala ubavu, kila moja ndani ya kigae chake. Hiyo ilikuwa rahisi. Ile maktaba ya programu ya bure, MD_MAX72XX, inataka uiambie bodi yako ni ya aina gani. Mimi niliandika FC16_HW kwa kuiga mifano, nikabadilisha kuwa GENERIC_HW, zikasimama wima.

Kasoro iliyobaki ndiyo iliyonifunza zaidi. Kigae cha tatu kilikuwa na mstari mmoja mweusi, wa tano kutoka juu. Nikikibonyeza kwa kidole unawaka, nikiachia unazima. Nikasema kigae kibovu. Lakini kwa kuwa vinakaa kwenye soketi, nikabadilishana cha tatu na cha nne, na mstari mweusi ukabaki palepale kwenye bodi ya tatu. Kwa hiyo kigae hakina kosa. Nikaigeuza bodi chini ya tochi, nikapitisha mita, ile inayolia umeme ukipata njia, mguu kwa mguu, ikilia tii, tii, tii, mpaka ikanyamaza. Soketi ya kigae, mguu wa sita. Haukuwa na risasi hata chembe! Ulikuwa umekaa tu tunduni kama mgeni ambaye hajaandikishwa. Tulizohesabu 224 zilikuwa 223, na Kassim akaapa kwamba yeye alihesabu sawa, ni mimi niliyeruka.

Nikampa chuma. Nikamwambia gusa mguu na shaba pamoja, hesabu mbili, ndipo ulete waya. Mimi nikashika tochi. Kichuguu kikatoka, Sudi, kimoja tu, kizuri kuliko vyangu vyote.

Umeme nao uangalie ukija kutengeneza bango lako. Chipu moja ikiwasha taa zote kwa nguvu yote inafika miliampea 330. Nne ni zaidi ya ampea moja na robo, na tundu la USB la kompyuta yangu ya zamani linatoa 500 tu. Ndiyo maana kila nikijaribu kuwasha zote Arduino ilikuwa inazimia na kuanza upya. Nimezipa taa chaja yake ya simu ya ampea 2, nikaunganisha waya wa graundi, yaani wa hasi, wa pande zote mbili, na mwangaza nimeushusha hadi 3 kati ya ngazi 0 mpaka 15. Usiku ukiweka 15 hata ng'ambo ya barabara hawalali.

Halafu kuna lile jambo ambalo Kassim hakuliamini mpaka alipoliona. Taa 64 zina miguu 16 tu, kwa sababu haziwaki kwa pamoja. Chipu inawasha mstari mmoja, inauzima, inakwenda wa pili, inazunguka yote minane kama mara 800 kwa sekunde, na jicho linadanganyika. Akabisha. Akachukua simu, akarekodi video, na kwenye kioo cha simu ikaonekana michirizi ya giza inapita juu ya maandishi kama pundamilia. Tangu hapo anawaonyesha wenzake mmoja mmoja.

Sasa maandishi. Hapa ndipo nilipokwama kwa namna nyingine. Vigae vinne ni safu 32 kwa upana. Herufi ni safu 5 na nafasi 1. "MAZIWA YAPO" haiingii mpaka itembee, na wateja wa Mama si watu wa kusimama kusubiri sentensi ipite. Kassim akachukua daftari lake la hesabu, la miraba, akasema tuweke ng'ombe badala ya neno maziwa. Ng'ombe kigae kimoja, safu 8. YAPO ni herufi nne, safu 20, nafasi tatu katikati, na moja ya kumtenga na ng'ombe: 24. Jumla 32 kamili, haikubaki hata safu moja! Nilikaa chini.

Nikamfundisha kwamba kila mstari ni namba, mraba wa kushoto kabisa una thamani ya 128, unaofuata 64, halafu 32, 16, 8, 4, 2, 1, unajumlisha iliyopakwa rangi. Pembe mbili kwenye pembe za juu, 128 na 1, ni 129. Alipoipata hiyo hakutaka tena msaada. Huyu hapa ng'ombe wake, ukitaka mchore:

129, 195, 126, 90, 126, 60, 36, 60

Hiyo 90 ni macho. 36 ni pua, tulibishana sana juu ya pua.

Maziwa yakiisha, Mama anabonyeza swichi ya ukutani, ileile ya kawaida ya kuwashia taa ya chumba, ng'ombe anaondoka na inakuja HAMNA. Herufi tano, safu 29, inakaa bila taabu.

Unataka kujua kama hodi zimepungua. Siku ya kwanza alikuja yule mama wa vitumbua, akasimama dirishani, akamtazama ng'ombe, akasoma YAPO kwa sauti, kisha akasema, "Hodi! Eti yapo kweli?" Mama alicheka mpaka akakaa. Ila mchana kweli pametulia, zimebaki mbili tatu, na za watoto wanaotaka ng'ombe awashwe. Shida ni umeme ukikatika: bango likizima watu wanapita moja kwa moja, na jana lita sita zililala. Mama kazigeuza mtindi.

Na kwa ajili ya huo mtindi, sasa anataka nao uandikwe. Nilikuwa nimeanza kukuandikia uniletee kigae cha tano, maana MTINDI ni herufi sita, safu 30 na nafasi 5, 35. Kassim kasoma juu ya bega langu akasema I hazihitaji safu tano, tatu zinatosha, na ziko mbili. 31.

Kwa hiyo kigae usilete. Leta waya wa risasi ulio mwembamba kuliko huu wangu, na ncha ndogo ya chuma, ni za huyu bwana mdogo. Mama anasema na halua usisahau.

Ndugu yako,
Mbwana