Akina mama wa sokoni Goma wawaache watoto wapi?

Bwana Mhariri,

Tangu Septemba 2019 shule ya msingi ya serikali ni bure, na wazazi wengi wa Goma walishukuru. Lakini mtoto hazaliwi na miaka sita. Materneli, yaani shule ya watoto wadogo, bado ni ya kulipia, na mama anayeuza samaki wadogo, sambaza, soko la Kituku hana hizo fedha.

Basi mdogo anabaki na nani? Pita Soko la Virunga saa nne asubuhi, siku ya masomo. Utakuta msichana wa miaka tisa au kumi amefungiwa mdogo wake mgongoni kwa kitenge, anambembeleza katikati ya mifuko ya makala ya kupikia huku mama akihudumia wateja. Wa namna hiyo wameandikwa darasani kwangu. Nikiita majina, hawapo. Hiyo shule ya bure inawasaidia nini?

Waliokimbia vita wamebanwa zaidi. Kambi za Bulengo na Lushagala zilipovunjwa mwezi wa pili 2025, si wote waliokuwa na nyumba ya kurudia. Mama akipata kibarua cha kufua, mtoto anaachwa nje ajichezee. Na magharibi mwa mji wetu, nje penyewe panaweza kuua. Mazuku ni hewa ya sumu itokayo ardhini, nzito kuliko hii tunayovuta, hutuama mabondeni, hasa usiku na alfajiri kukiwa hakuna upepo. Mtu mzima aliyesimama kichwa chake huweza kuwa juu ya hewa hiyo. Mtoto anayetambaa yumo ndani yake.

Kila siku wauzaji wanatozwa kodi ya soko. Naomba sehemu ya kodi hiyo ifungue chumba cha kulelea watoto kando ya masoko makubwa, Virunga na Kituku kwanza, penye maji safi, uji, na walezi wanaolipwa mshahara. Tafadhali, mlangoni pasidaiwe cheti cha kuzaliwa wala anwani! Aliyekimbia risasi Masisi hakubeba karatasi, na anayelala kanisani ataandika avenue gani? Jina la mtoto, jina la mama na mahali anapouzia vinatosha: mtoto akishikwa na homa, mlezi anajua pa kumfuata mama.

Wanaosimamia masoko yetu watujibu humu gazetini: chumba hicho kitafunguliwa lini?

Mwalimu wa shule ya msingi,
Majengo, Goma