Prizimu si miwani ya rangi: ombi kwa wahakiki wa vitabu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua ili nitoe dukuduku langu kuhusu tamathali moja inayozidi kuzoeleka katika uhakiki wa vitabu, si katika gazeti lako tu, bali hata katika dibaji za vitabu vyenyewe na katika tasnifu ambazo vijana wa vyuo huniletea nizipitie kabla hawajaziwasilisha. Tunaambiwa kwamba mwandishi fulani ameitazama ndoa kupitia prizimu ya mila, au kwamba mwingine ameutazama ujamaa kupitia prizimu ya mwanamke wa kijijini. Ukiisoma sentensi ya namna hiyo kwa utulivu, utaona kwamba anachokikusudia mhakiki ni miwani ya rangi: mwandishi amevaa kioo chekundu, basi kila anachokiona ni chekundu. Mimi nilifundisha hisabati na fizikia hapa Tabora hadi nilipostaafu, na riwaya nimezisoma tangu ujana wangu, kwa hiyo nadhani ninayo haki ya kulalamika nikiwa pande zote mbili. Prizimu, kile kipande cha kioo chenye pembe kinachoutawanya mwanga mweupe kuwa rangi za upinde wa mvua, haipaki kitu rangi.

Kosa lenyewe ni la kale na lina heshima zake. Kwa karne nyingi wasomi wa Ulaya waliamini kwamba mwanga mweupe ni kitu safi kisicho na mchanganyiko, na kwamba rangi zinazojitokeza unapopita kwenye kioo chenye pembe zinatokana na mwanga huo kubadilishwa humo njiani. Aliyeibomoa imani hiyo ni Isaac Newton, na hunifurahisha kukumbuka kwamba aliibomoa kwa barua kwa mhariri. Mwezi Februari 1672 alimwandikia Henry Oldenburg, katibu wa Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, na mhariri wa jarida lake, akimweleza jinsi alivyotia giza chumba chake, akaacha tundu dogo dirishani, akaweka prizimu ya pembetatu mbele ya mwali wa jua, kisha akaona ukutani umbo ambalo urefu wake ulikuwa karibu mara tano ya upana wake. Tundu lilikuwa la mviringo, na kwa kanuni zilizokubalika wakati ule picha ya jua nayo ilipaswa kuwa ya mviringo. Rangi zilimpendeza, lakini ni urefu ule uliomshangaza. Baadaye alichukua rangi moja peke yake, akaipitisha kwenye prizimu ya pili, na nyekundu ikatoka nyekundu vilevile. Kama kioo ndicho kinachopaka, kile cha pili kingepaka tena. Rangi zilikuwamo ndani ya mwanga tangu mwanzo. Kioo kilizitenganisha tu, kwa sababu urujuani hupinda zaidi kuliko nyekundu unapoingia na unapotoka.

Hapa ndipo umbo linapoingia, na ndipo wahakiki wengi wanapoanza kupiga miayo, wakidhani kwamba maumbo ni habari ya shule ya msingi. Mche, yaani prizimu kwa maana ya jiometri, ni umbo lenye vitako viwili vilivyo sawa na sambamba, vikiunganishwa na nyuso bapa pembeni; ukiukata mche ulionyooka popote sambamba na kitako chake, mkato utakaoupata ni uleule, na ujazo wake ni eneo la kitako mara kimo. Penseli ya pembesita ambayo haijachongwa ni mche, na kasha la kiberiti ni mche. Sisi wa Tabora, ambao asali ya miombo ndiyo sifa yetu, tunaweza kuvunja kipande cha sega na kuona mamia ya miche ya pembesita iliyobanana bila kuacha nafasi, ingawa mwisho wa kila kijumba si kitako bapa bali ni vibamba vitatu vilivyoinama na kukutana. (Mwanafunzi aliyeniandikia kwamba kijumba cha nyuki ni mche kamili nilimnyima nusu alama, na sijutii.)

Sasa, kile kipande cha kioo cha mstatili kinachotumika maabara kufundishia mpindo wa mwanga nacho ni mche, na kwa jiometri ni prizimu halali kabisa, lakini hakikupi upinde wa mvua. Mwanga huingia kwa uso mmoja, ukapinda. Unapofika kwenye uso wa pili, ambao ni sambamba na ule wa kwanza, hupinda kwa kiasi kilekile kuelekea upande wa pili, ukatoka ukielekea kulekule ulikokuwa ukielekea, ila umesogea pembeni kidogo. Ili rangi zitawanyike, uso wa kutokea ni lazima uwe umeinama tofauti na uso wa kuingilia. Hiyo ndiyo sababu prizimu ya rangi huwa ya pembetatu.

Ninazijua riwaya za mche wa mstatili, na wasomaji wenzangu wanazijua pia. Binti anatoka kijijini, anakwenda mjini, anaharibikiwa, anarudi kijijini, na sauti inayotupokea mwishoni ni ya mzee yuleyule aliyetuaga mwanzoni, akisema lilelile alilolisema kabla binti hajapanda basi. Msomaji amesogezwa pembeni kidogo, basi. Hajaonyeshwa kwamba katika lile neno moja la "kuharibikiwa" mlikuwa na njaa, na tamaa, na ujasiri, na sheria mbovu ya mirathi, vyote vikiwa vimeshikamana hata vikaonekana kitu kimoja cheupe. Mhakiki akiniambia kwamba kitabu cha aina hiyo ni prizimu, nitamkubalia kwa jiometri tu.

Kuna pia suala la tundu, ambalo nadhani lina faida kubwa zaidi kwa mwandishi kuliko yote niliyoyataja. Johann Wolfgang von Goethe, mshairi mkubwa wa Ujerumani, aliazima prizimu, akaiweka jichoni na kuutazama ukuta mweupe, akitarajia kuuona umejaa rangi. Ukuta ukabaki mweupe. Rangi alizoziona zilikuwa kingoni tu, pale weupe ulipokutana na giza. Akaamua palepale kwamba Newton alikosea, na mwaka 1810 akatoa kitabu kikubwa juu ya rangi kumpinga. Macho yake hayakumdanganya. Nilikuwa nikiwaonyesha wanafunzi jambo hilihili bila gharama, katika darasa lenye dirisha la mbao upande wa magharibi na tundu la msumari katika ubao wake. Kiangazi, saa tisa alasiri, mwali uliingia umelala, vumbi likielea ndani yake. Niliinua prizimu upande wake mnene ukiwa juu, na kwenye chokaa ya ukuta wa pili ukatokea utepe wa rangi, nyekundu chini na urujuani juu. Kisha nilifungua dirisha, nikawapa kioo kilekile wautazame ukuta wenyewe, mmoja baada ya mwingine. Wote waliona alichokiona Goethe: ukuta mweupe, wenye pindo la nyekundu na njano upande mmoja wa fremu ya mlango, na la bluu na urujuani upande mwingine. Ukuta ni mpana, na kila sehemu yake hutoa rangi zake, ambazo huangukia juu ya rangi za sehemu jirani na kuchanganyika tena kuwa weupe. Kingoni tu ndiko hakuna jirani wa kuzifunika.

Mwandishi anayetaka kutupa nchi nzima, tangu Mjerumani hadi vyama vingi, koo tatu, mikoa minne na harusi zote, anafanya alichokifanya Goethe. Katikati ya kitabu chake pamekuwa peupe. Rangi zinaonekana mahali pachache ambapo watu wake wanakwaruzana, kwenye kingo, na mhakiki mwema huzidondoa hizo na kuuacha ukuta. Aliyechagua usiku mmoja, nyumba moja, au kesi moja ya kiwanja katika baraza la kata, huyo ametoboa tundu, na mwanga kidogo alioukubali humpa utepe mrefu.

Mfano ulio wazi kuliko yote ninaoufahamu ni hadithi fupi ya Ryunosuke Akutagawa wa Japani, ya mwaka 1922, ambamo mtu mmoja amekutwa amekufa kichakani na tunasomewa ushahidi wa watu saba, akiwamo marehemu mwenyewe kwa kinywa cha mganga wa pepo. Saba ni idadi ya rangi tunazozikariri shuleni, lakini sitaki kulifanya jambo hilo kuwa muujiza, kwa maana hata saba ya Newton ilitengenezwa: mwanzoni alihesabu rangi kuu tano, kisha akaongeza chungwa na nili ili hesabu ilingane na noti za muziki. Kilicho muhimu ni kwamba Akutagawa anaishia hapo. Shahidi wa mwisho anamaliza, na hakuna anayekuja kutuambia nani alisema kweli.

Newton hakuishia hapo. Alizikusanya rangi zake kwa lenzi na kuupata tena mwanga mweupe, na huo ndio ushahidi kwamba utengano haukuharibu kitu. Katika fasihi yetu anayefanya kazi hiyo ni Bwana Msa, mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla, ambaye tangu mwaka 1960 amekuwa akisikiliza kila mtu, mkweli na mwongo, na kurasa za mwisho zikifika anavikutanisha vyote vikawa kisa kimoja. Siwezi kusema njia moja ni bora kuliko nyingine. Msomaji wa hadithi za upelelezi angekasirika sana kuachwa kichakani. Lakini mhakiki anayelitumia neno prizimu anawajibika kutuambia kama mwandishi ameweka lenzi ya kukusanyia au ameziacha rangi zitawanyike, maana hicho ndicho kitakachoamua namna tutakavyokifunga kitabu.

Wapo watakaosema kwamba ninaleta maabara mahali pa sanaa. Malalamiko hayo nayo ni ya zamani. John Keats, mshairi wa Uingereza, katika utenzi wake wa "Lamia" uliotoka mwaka 1820, aliwashutumu wanafalsafa wa maumbile, yaani wanasayansi, kwa kuufumua upinde wa mvua. Utenzi ni mzuri na shutuma haina msingi. Miaka 20 kabla yake, mwanaastronomia William Herschel alipanga vipimajoto katika rangi zilizotawanywa na prizimu ili ajue kila rangi ina joto kiasi gani, akakiweka kimoja nje ya nyekundu, mahali ambapo macho hayaoni kitu, na hicho ndicho kilichopanda zaidi. Kwa kutenganishwa, mwanga ulionekana kuwa na vitu vingi kuliko alivyovijua mtu yeyote. Ningependa wahakiki wetu nao waweke kipimajoto mahali hapo. Katika riwaya nyingi za mjini yumo dada wa kazi anayefungua geti, anayeleta chai, anayeitwa na kuondoka, wala hana sentensi hata moja yake mwenyewe. Lakini siri zote za nyumba zimepita mbele yake, na ukimfuata yeye, ukurasa kwa ukurasa, mara nyingi utakuta joto la kitabu liko kwake. Mhakiki aliyemwona huyo ameitumia prizimu kweli, hata kama neno lenyewe hakuliandika.

Kuhusu ule msemo kwamba fasihi ni kioo cha jamii, sina ugomvi nao, mradi wanafunzi waache kuufungulia kila insha.

Nimalizie na wachoraji wa majalada, ambao nao wameipenda prizimu. Mezani kwangu ninacho kitabu, jina nitalihifadhi, chenye pembetatu ya kioo iliyosimama ncha juu, mwali mweupe ukiingia kushoto na rangi zikitoka kulia, urujuani ukiwa juu na nyekundu chini. Nyekundu ndiyo inayopinda kidogo kuliko zote, kwa hiyo kioo kikisimama hivyo hukaa juu, upande wa ncha, na urujuani hushuka chini, upande ulio mnene. Kuzipanga upya rangi hizo ni kazi ya dakika chache kwenye kompyuta, na toleo la pili likipigwa chapa naomba zipangwe, ili mwalimu wa fizikia atakayekinunua kitabu asianze sura ya kwanza akiwa amenuna.

Wako mtiifu,
Mwalimu mstaafu,
Tabora