Asanteni Mliotusaidia Kumzika Mama Mhariri

Ndugu, jamaa na marafiki,

Mama alituonya mapema kwamba tangazo lake la shukrani lisiwe na maneno "shukrani za dhati". Kabla hajawa ripota, seuze mhariri, alikaa miaka minne kwenye kaunta ya gazeti hapa Kisumu akipokea matangazo ya vifo na ya shukrani. Tangazo lililipiwa kwa neno. Mjane angetoka Nyakach na noti zake kwenye fundo la leso, ameandika "shukrani za dhati zisizo na kifani kutoka sakafu ya mioyo yetu". Mama anashika kalamu. "Haya yote ni asante, mama. Hela inayobaki tuwataje waliochimba kaburi."

Basi tunaanza na waliochimba kaburi. Vijana wa Ahero, mvua ya Alhamisi usiku ilijaza maji shimo mlilokuwa mmelimaliza jioni, nanyi mkayateka kwa ndoo hadi alfajiri bila kutuamsha. Udongo mweusi wa Kano mnaujua, ukilowa haumwachii mtu kiatu. Gari la maiti liliponasa karibu na mfereji wa mashamba ya mpunga, mwenye trekta alilivuta hadi langoni kwetu, akakataa hata pesa ya dizeli.

Muuguzi wa zamu ya usiku, uliyemsomea Mama gazeti macho yake yalipochoka na ukakubali kukatizwa kila aya ili kosa litiwe alama, asante. Wakwe zetu wa Kakamega, fahali tulimpokea. Akina mama wa chama cha Manyatta mlikuja na sufuria zenu, kuni zenu, hata chumvi. Mweka hazina wa kamati ya mazishi alitutumia hesabu ya michango kila jioni mpaka shilingi ya mwisho, bili ya hospitali ikalipwa Jumatano.

Wauza magazeti wa Oginga Odinga Street mlikuja watatu kwa bodaboda moja (askari wa trafiki wasisome hapa). Ninyi ndio mliotuambia tusilolijua, kwamba hata baada ya kustaafu alifika kwenu kabla magari ya Nairobi hayajapakuliwa, akasoma vichwa vya habari amesimama, akanunua mawili na kuondoka akinung'unika.

Kunung'unika huko kulianza zamani. Babu alifanya kazi reli. Kusoma kulimshinda, lakini kila wiki alinunua gazeti la Baraza, na Mama ndiye aliyemsomea kwa sauti. Babu akiuliza "nani alisema hivyo?" na gazeti halisemi, wote wawili walikasirika.

Februari 1990, Dkt. Robert Ouko, Waziri wa Mashauri ya Kigeni, alitoweka nyumbani kwake Koru, na mwili wake ukapatikana umechomwa karibu na kilima cha Got Alila. Kisumu ilichafuka. Mama alikuwa ripota, na wakati huo habari zilisomwa kwa simu kwenda Nairobi, majina yakitajwa herufi kwa herufi. Mtu wa upande wa pili alitaka kuongeza "inaaminika alijiua". Mama akamuuliza, "Nani anaamini? Niandikie jina lake." Sentensi ikafutwa.

Wanawake wengi katika chumba cha habari walisukumiwa mapishi na mitindo. Mara mbili alirukwa, kiti cha mhariri kikapewa mwanamume ambaye Mama mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi. Alitusimulia hayo kwa tarehe na saa, kama habari za mahakamani. Mara ya tatu akakipata, akahamia Nairobi miaka kumi na mmoja.

Tuseme ukweli, miaka hiyo gazeti tulilijua kuliko tulivyomjua yeye. Lilitufikia kila asubuhi. Yeye alitufikia Ijumaa moja kwa mwezi, kwa basi la usiku. Alitueleza kwamba kurasa za kusomwa Kisumu lazima zifungwe mapema, kwa kuwa gari lina safari ya usiku kucha kupitia Nakuru na Kericho. Tukadhani gazeti linatoka Nairobi mapema kwa ajili yetu, na tukashangaa kwa nini yeye hapandi gari hilohilo.

Wanafunzi wa Maseno mliokuwa mkija sebuleni na insha zikarudi nyekundu tupu, mlibeba jeneza vizuri. Wahariri wenzake mliotoka Nairobi mlifuata agizo lake, kila mmoja dakika tatu. Mchungaji naye alijitahidi.

Ambaye hatukumtaja atusamehe, namba zetu za simu mnazo.

MASAHIHISHO: Wasifu uliosomwa kaburini ulisema kwamba baba alipofariki, Mama alitulea peke yake. Si kweli. Alitulea pamoja na mdogo wake, ambaye miaka yote kumi na mmoja alitupikia, alitupeleka shule na kutukatia vipande vya gazeti vyenye jina la Mama akavibandika ukutani Manyatta. Siku ya mazishi alikaa mstari wa mbele, akasikia wasifu wote, asiseme neno. Mama mdogo, kosa ni letu. Asante.

Watoto na wajukuu,
Manyatta, Kisumu