Aletta Jacobs hakuwa daktari tu

Mhariri,

Makala yenu kuhusu historia ya kura ya wanawake Ulaya imemtaja Aletta Jacobs wa Uholanzi kama daktari tu. Hilo halitoshi. Mwaka 1883 aliomba kuingizwa katika daftari la wapiga kura Amsterdam, kwa kuwa alitimiza sharti la mpiga kura kulipa kiasi fulani cha kodi, na sheria haikuwataja wanaume peke yao. Alikataliwa hadi katika mahakama ya juu kabisa. Mwaka 1887 katiba ikarekebishwa, kura ikawa ya wanaume waziwazi. Yaani mwanya aliouona ulizibwa! Wanawake walisubiri hadi 1919.

Kazi zake mbili, udaktari na kupigania kura, hazitenganishiki. Aliwatibu bure wanawake maskini, na aliwaona wauzaji wa madukani wakiugua kwa kusimama kutwa. Dawa haikutosha, ilihitajika sheria ya kuwapa viti, naye aliipigania. Ndiyo maana alitaka wanawake wawe na sauti katika kutunga sheria.

Naomba mchapishe makala ya pili inayoeleza kesi hiyo kikamilifu, na walimu wa uraia waifundishe. Wanafunzi wajue kwamba haki inaweza pia kuondolewa kwa marekebisho ya katiba.

Msomaji wenu