Akim si hakimu, wala si meya

Mhariri,

Habari za Kazakhstan zikifasiriwa kwa Kiswahili, karibu kila mji huitwa "jiji" na kila anayeuongoza huitwa "meya". Maneno hayo mawili yanampoteza msomaji. Kule, daraja la mji halisemi mji ni mkubwa au mzuri kiasi gani. Linasema mji uko chini ya nani, una bajeti ya ngazi gani na kiongozi wake anapatikanaje.

Sheria ya Desemba 1993 kuhusu mgawanyo wa maeneo ya utawala inaweka madaraja matatu. La juu ni mji wa ngazi ya taifa, wenye watu zaidi ya milioni moja au umuhimu wa pekee kwa dola. Mji huo hauko ndani ya mkoa wowote. Wenyewe unahesabiwa sawa na mkoa. Ndivyo ilivyo Almaty, Shymkent na mji mkuu Astana. La pili ni mji wa ngazi ya mkoa, wenye watu zaidi ya 50,000, nao ni sawa na wilaya. La tatu ni mji wa ngazi ya wilaya: watu wasiopungua 10,000, na zaidi ya theluthi mbili yao wawe wafanyakazi, watumishi na familia zao. Kigezo hicho cha mwisho ni cha enzi za Kisovieti, kilichotenganisha watu wa viwandani na wa mashambani. Chini ya hapo kuna "kent", makazi ya kiwanda au stesheni ya reli kuanzia watu 3,000, kisha "auyl", yaani kijiji.

Lakini hizo ni namba za kwenye karatasi. Temir na Zhem, katika mkoa wa Aktobe, ni miji kisheria ingawa kila mmoja hauna hata watu 5,000. Kordai, makao makuu ya wilaya karibu na mpaka wa Kirgizia, ni kijiji, na kwa idadi ya watu kinaizidi miji hiyo miwili ikijumlishwa. Cheo cha mji kikishatolewa hakivuliwi kirahisi, na ukubwa pekee haukipi kijiji cheo hicho. Kwa hiyo mwandishi asikisie daraja kwa kutazama idadi ya wakazi.

Mfano unaoonyesha vizuri kinachobadilika ni Shymkent. Tarehe 19 Juni 2018, kwa amri ya rais, mji huo ulitolewa katika mkoa wa Kazakhstan Kusini uliokuwa na makao makuu yake hapo hapo. Mkoa uliobaki ukaitwa Turkistan na makao yakahamia mji wa Turkistan, kilomita zipatazo 160 kutoka Shymkent. Ofisi za mkoa zikafunga virago, na Shymkent ikapata bajeti yake na baraza lake lenye hadhi ya mkoa. Takwimu nazo zikamtega asiyejua: ukilinganisha idadi ya watu wa mkoa huo kabla na baada ya 2018, utaona watu wapatao milioni moja wametoweka. Hakuna aliyehama, mpaka ndio uliosogea. Tahadhari hiyo hiyo inahitajika kwa 2022, mikoa mipya ya Abai, Jetisu na Ulytau ilipoundwa na mkoa wa Almaty kuhamishia makao yake Qonaev, mji uliokuwa ukiitwa Kapchagay.

Sasa huyo "meya". Kiongozi wa kila ngazi anaitwa "akim", neno lenye asili moja ya Kiarabu na "hakimu" wetu, ila yeye hatoi hukumu, anatawala. Baraza lililochaguliwa ni "maslikhat", ndugu wa neno letu "maslahi". Akim wa mkoa au wa mji wa ngazi ya taifa ni mwakilishi wa rais na serikali mahali pale. Tangu marekebisho ya katiba ya 2022, rais hupendekeza majina yasiyopungua mawili na wajumbe wa maslikhat hupiga kura. Kwa msomaji wa Tanzania, akim wa Almaty amekaribia zaidi mkuu wa mkoa kuliko meya anayechaguliwa na madiwani wenzake.

Huku chini mambo ni kinyume. Tangu 2021 wakazi wa vijiji, kent na miji ya ngazi ya wilaya humpigia kura akim wao moja kwa moja. Tangu 2013 hadi hapo aliyemchagua alikuwa maslikhat. Novemba 2023 kura hiyo ikajaribiwa pia katika baadhi ya wilaya na miji ya ngazi ya mkoa. Matokeo yake, mkazi wa Zhem ana karatasi ya kura ya kumchagua akim wake, na mkazi wa Almaty yenye watu zaidi ya milioni mbili hana. Ukiandika "meya" kote, jambo hilo, ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote, linafutika.

Majina nayo yana mitego. "Audan" ni wilaya ya shamba na pia ni wilaya ya ndani ya mji. Alatau ni wilaya ndani ya mji wa Almaty, na tangu Januari 2024 kuna pia mji mwingine uitwao Alatau katika mkoa wa Almaty. Mji wa Aktobe una wilaya mbili, moja inaitwa Astana na nyingine Almaty. Astana nayo ina wilaya ya Baikonur, mbali kabisa na mji wa Baikonur wa kurushia roketi. Huo wa roketi Urusi imeukodi hadi 2050, na mkuu wake huteuliwa kwa pamoja na marais wa nchi mbili, Urusi ikipendekeza jina.

Anayetaka njia ya haraka kwenye picha za habari atazame namba za magari, tarakimu mbili za mwisho upande wa kulia. Mikoa na miji ya ngazi ya taifa ndiyo yenye namba zao: 01 ni Astana, 02 Almaty mjini, 05 mkoa wa Almaty, 13 Turkistan, 17 Shymkent. Gari la Qonaev litakuwa na 05 tu, kwa sababu Qonaev, pamoja na kuwa makao makuu ya mkoa, ni mji wa ngazi ya mkoa.

Msomaji wenu