Kabla Hujafungua Injekteri: Barua kwa Mwanangu

Goma

Mwanangu mpendwa,

Nimepokea picha ulizonitumia na nimezitazama moja moja, hasa ile inayoonyesha ufa chini ya kolekteri ya hewa, pale mguu wake wa tatu unapokutana na injini. Unaniuliza kama unaweza kubadilisha kolekteri hiyo pamoja na injekteri zote nne, zile zinazopulizia esansi (petroli), wewe mwenyewe, hapo kwenye parseli yenu Bukavu, bila kuliacha gari garajini. Unaweza, mama. Vyombo ulivyo navyo vinatosha karibu kila mahali: kle ya kumi na ya kumi na mbili, soketi na mkono wake mrefu, bisibisi na koleo. Ninachotaka kukuandikia kwa urefu ni habari ya usafi, kwa sababu katika kazi hii hakuna kinachoharibu injini upesi kuliko uchafu.

Kolekteri ndiyo inayogawa hewa kwa silinda zote nne. Gari linapotembea, hewa hiyo imekwisha kupita kwenye filtri, lakini siku utakayoitoa kolekteri, milango ya silinda itabaki wazi na filtri haitakuwa na kazi tena. Kokoto, kipande cha jwenti ya zamani (ile inayoziba kati ya kolekteri na injini) au nati ndogo ikiingia humo, valvu na pistoni zitaipokea pindi utakapowasha. Vumbi letu la Goma ni mawe ya Nyiragongo yaliyosagwa na matairi tangu lava ya Januari 2002 ilipopita katikati ya mji, na chembe zake ni ngumu kiasi cha kuchuna ukuta wa silinda. Udongo mwekundu wa Bukavu ni laini zaidi, ila unaingia kila mahali, na gari lako limepita miaka mingi katika miji yote miwili. Ukiangalia kwa tochi chini ya injekteri utaona kila moja imekaa ndani ya kishimo kilichojaa mchanga ulioshikamana na mafuta. Ukiing'oa kabla ya kusafisha kishimo hicho, mchanga wote unadondoka ndani.

Kwa hiyo, siku moja kabla ya kazi, chukua pinso ya rangi iliyo kavu, usugue kila kishimo na pande zote za kolekteri, kisha upeleke gari kwa kwado, fundi wa matairi, wa jirani umwombe akupulizie hewa kwa kompresa yake. Afanye hivyo wakati kila kitu bado kimefungwa. Mara tu utakapolegeza bolti ya kwanza, usimruhusu mtu yeyote kupuliza hewa wala kufagia karibu na gari.

Kuhusu ugonjwa wenyewe, nakubaliana nawe kuhusu kolekteri. Misimbo miwili uliyoisoma kwenye kompyuta ya gari, P0171 na P0303, inaelekea upande mmoja: wa kwanza unasema mchanganyiko una hewa nyingi kuliko inavyostahili, wa pili unasema silinda ya tatu haiwaki vizuri, na ufa uko kwenye mguu wa tatu. Yule fundi aliyeupaka ufa huo kola, yaani gundi, hakuuponya, na isitoshe kola ikikauka inaweza kumeguka na kuvutwa ndani ya injini. Lakini usihukumu injekteri ya tatu kwa sababu ya msimbo huo, kwa maana hewa inayoingia kwenye ufa inatosha kuuleta peke yake. Pima injekteri zote kwa multimita, waya zake zikiwa zimechomolewa. Kwa aina iliyo kwenye magari mengi ya esansi kama lako, kila moja inapaswa kuonyesha kati ya omu 12 na 16, na zote nne zikaribiane. Yenye tofauti kubwa ina koili iliyochoka. Hata zote zikipita kipimo hicho, bado nakushauri uzibadilishe, maana kipimo cha umeme hakionyeshi kama mdomo wa injekteri unafunga sawasawa, na harufu ya esansi uliyoniambia unaisikia asubuhi inanitia shaka. Injekteri inayovuja huosha mafuta kwenye ukuta wa silinda usiku kucha, na pistoni hukwaruza pakavu asubuhi.

Tafuta injekteri zinazofanana. Namba iliyoandikwa kwenye mwili wa ile ya zamani ndiyo ya kumwonyesha mwenye duka, na asikubabaishe kwa kusema kwamba zinafanana kwa umbo. Mbili zenye umbo moja zinaweza kutoa esansi kwa kiasi tofauti. Ukipata za okazyo zilizotolewa kwenye gari moja, ni afadhali kuliko mpya usizojua zilikotoka, ila zisafishwe na ziwekewe pete mpya za mpira juu na chini. Nunua pia jwenti mpya ya kolekteri na jwenti ya kipepeo kile kinachofunguka ukikanyaga mafuta. Jwenti ya zamani isirudishwe, hata kama inaonekana nzima.

Hapa lazima niseme jambo kuhusu esansi unayonunua. Siku ambazo vituo vimekauka, sote tunanunua kwa kadhafi, wale wauza mafuta wa barabarani, na siwezi kukukataza jambo ambalo hata mimi nalifanya. Lakini bidoni zao hupokea mazutu (dizeli) leo na esansi kesho, huachwa wazi mvuani, na maji yaliyomo humo huenda moja kwa moja chini ya tangi, ambako pampu inavuta. Mdomo wa injekteri una matundu membamba sana, na kichujio chake cha juu ni kidogo kuliko punje ya mahindi. Kabla hujafunga injekteri mpya, toa esansi kidogo kwenye tangi, uiweke ndani ya chupa ya kioo na uiache itulie mpaka asubuhi. Maji ni mazito kuliko esansi, hivyo yakiwapo utayaona chini yakiwa yamejitenga kwa mstari wazi. Ukiyaona, mwaga tangi lote na usafishe kichujio cha pampu kwanza, la sivyo injekteri mpya zitakunywa uchafu uleule ulioua za zamani.

Siku ya kazi, injini iwe imelala usiku mzima. Gari likae chini ya paa, ikiwezekana kwenye baraza, lakini mahali penye hewa inayopita, kwa kuwa mvuke wa esansi ni mzito na hutambaa chini mpaka ukutane na moto. Mbabula ya mama mkwe wako isiwashwe upande ule wa parseli mpaka umalize, na umweleze sababu kwa heshima ili asidhani unamfukuza jikoni mwake. Weka ndoo ya mchanga mkavu karibu. Maji hayazimi esansi; huieneza.

Esansi ndani ya bomba la injekteri inakaa chini ya shinikizo la baa 3 hivi, hata injini ikiwa imezimwa. Ng'oa fyuzi ya pampu, washa injini, uiache izimike yenyewe, kisha ujaribu kuwasha tena kwa sekunde chache ili kilichobaki kiishe. Fungua kifuniko cha tangi, ondoa kichwa hasi cha betri, kisha ufunike kiungo cha bomba kwa kitambaa kabla ya kukifungua. Haya nayaandika kwa ajili ya gari lako la esansi ambalo injekteri zake zinapulizia ndani ya kolekteri. Kaka yako asije akayajaribu kwenye gari lake la mazutu lenye bomba moja la pamoja. Humo shinikizo hupita baa 1,000, na mafuta yanayochirizika kwa nguvu hiyo hupenya ngozi na kuingia mwilini.

Piga picha ya kila kitu kabla ya kukitenganisha, na ufunge kila tiyo utepe wenye namba, na namba hiyohiyo mahali inapotoka. Tiyo ile nene kuliko zote, inayotoka kwenye kolekteri kwenda kwenye breki, iandikie neno zima, maana ukiisahau pedali itakuwa ngumu kama jiwe, na miteremko ya Bukavu haimsamehi mtu asiye na breki. Vichomeo vya umeme vya injekteri vimekaushwa na joto la miaka. Bonyeza kifungo chake kwa kidole gumba mpaka kilegee, na usivute waya kamwe.

Bomba la injekteri limeshikwa na bolti mbili. Litoe likiwa limelala sawa, pande zote mbili kwa pamoja, na uangalie pete ndogo za plastiki zilizo chini yake, kwa sababu hubaki zimenata kisha huanguka wakati hutazami. Bolti za kolekteri zilegeze kidogo kidogo kutoka miisho kuelekea katikati. Kabla ya kuivuta, pitisha mkono chini: kwenye magari mengi kuna kishikizo kilichojificha huko, na wengi wamevunja kolekteri nzima kwa kulazimisha kitu ambacho bado kimefungwa.

Ikishatoka, mara hiyohiyo ziba kila mlango kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi, kipande kimoja kwa kila mlango, mkia wake ukining'inia nje. Milango ikigawanyika miwili kwa kila silinda, vitambaa vitakuwa vinane. Andika hesabu kwenye karatasi na uibandike kwenye kapo. Sasa kwangua jwenti ya zamani kwa kipande cha plastiki au mti, kwa sababu kichwa cha injini ni cha aluminiamu na kisu kitakiachia mkwaruzo ambao hewa itapita humo. Kwangua kuelekea nje, kisha upanguse kwa kitambaa chenye esansi kidogo sana. Hapa usiharakishe. Pitisha kidole juu ya uso wote ukiwa umefumba macho; kidole husikia kilichobaki kuliko jicho linavyoona.

Jwenti mpya ikae kavu. Mafundi wengi watakuambia uongeze silikoni, na mimi nakuambia usiiongeze, kwa sababu inayozidi hubanwa kwa ndani, hukatika na kumezwa na injini. Toa vitambaa vyote, uvihesabu, ulinganishe na karatasi yako, ndipo uweke kolekteri mahali pake. Bolti zote ziingizwe kwa vidole kwanza, kisha zikazwe kuanzia katikati kwenda miishoni, kwa mizunguko miwili au mitatu. Ukiweza, azima kle ya kipimo, ufuate namba iliyo kwenye kitabu cha gari lako. Kolekteri yako ni ya plastiki, na mkono wenye hasira unaweza kuipasua siku hiyohiyo uliyoinunua.

Pete za injekteri zipake tone la mafuta safi ya injini, usitumie grisi wala sabuni. Ingiza kila injekteri kwa kuizungusha polepole kulia na kushoto mpaka ikae, na ukishafunga bomba lake, jaribu kuizungusha tena kwa vidole. Ikizunguka kwa ulaini, pete imekaa vizuri. Ikigoma, pete imejipinda. Itoe, weka pete nyingine, urudie. Kazi yote ingeweza kuchukua saa nzima zaidi kwa ajili ya pete moja, na saa hiyo itoe kwa moyo mweupe, kwa sababu pete iliyokatika upande wa juu inamwaga esansi juu ya injini yenye moto.

Ukishaunganisha kila kitu, rudisha fyuzi na betri, uweke kontakti bila kuwasha. Pampu itanguruma sekunde chache kisha itanyamaza. Toa kontakti, uiweke tena, mara kadhaa, huku mtu mwingine akiangalia kila kiungo kwa tochi. Kukiwa na unyevu wowote, hata kama ni jasho tu la esansi, usiwashe. Kukiwa pakavu, washa. Injini inaweza kukohoa mwanzoni mpaka hewa itoke kwenye bomba, na mwendo wake gari likiwa limesimama unaweza kuwa wa juu kwa muda wakati kompyuta inajifunza upya. Shika bisibisi ndefu, weka ncha yake kwenye injekteri na mpini sikioni: zote nne zinapaswa kugonga kwa sauti moja. Mwishowe nyunyizia maji kidogo kuzunguka jwenti ya kolekteri. Mlio wa injini ukibadilika, hewa bado inapita mahali hapo.

Ukiazima saa ya kupimia mvuto wa kolekteri, usishtuke. Vitabu vingi huandika inchi 18 hadi 22 za zebaki, lakini hesabu hiyo ni ya pwani. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na kwa kila mita 300 mvuto hupungua kama inchi moja. Kwenu inchi 14 au 16, sindano ikiwa imetulia, ni afya nzuri. Sindano inayotetemeka ndiyo ya kunipigia simu.

Futa misimbo, endesha mpaka mtaa wa Bagira na kurudi, kisha usome tena. Injekteri za zamani usizitupe: zifunge kila moja katika mfuko wake ukiandika ilitoka silinda gani, uzikabidhi kwa mtu anayekuja Goma kwa boti. Nataka kuona ile ya tatu ilikuwa na nini mdomoni.

Baba yako